Stima Ikipotea

Stima ikipotea Umoja, watu huguna,
friji hukohoa mara moja, ikanyamaza,
na hapo ndipo huanza yule wangu:
iiiii, sikio la kushoto,
birika lisilo na wa kuliepua.

Mwanzoni niliamka kumtafuta.
Nikafunga mfereji uliokwisha kufungwa,
nikachomoa chaja, nikaweka shavu ukutani
kwa Mama Achola, labda ni redio yake.
Ukuta ulikuwa kimya kama ukuta.

Mama mkwe akasema: unasengenywa.
Nikawahesabu wanaonichukia, wakaisha,
mlio ukabaki na muda wa ziada.
Makokha akasema ni kwinini,
ile niliyomeza Nyamira mwaka wa malaria.
Kerubo akasema ni nta, akaja na pamba.
Mimi nikasema ni presha, ni chumvi, ni uzee,
nikasema kila kitu
ila nyundo.

Miaka ishirini na miwili Kamukunji
nikikunja mabati kuwa masanduku ya shule,
kwa, kwa, kwa,
ubavuni Makokha, nyuma yangu watu mia,
na kuziba masikio tuliita deko.
Masanduku hayo yamenisomeshea watatu.
Utamshtakije aliyekulisha?

Ngara, Daktari Mutheu akanifungia
ndani ya kijumba cha kioo:
ukisikia kengele ndogo, bonyeza.
Nikabonyeza. Nikabonyeza.
Akafungua mlango polepole.
"Mama, tisa kati ya hizo sikuzipiga mimi."

Alikagua nta, akapima presha,
akauliza dawa zote ninazomeza.
Kisha akasema: ndani mna vinyweleo,
vyako vimelala kama nyasi za njia ya mkato,
havitasimama tena,
na ubongo ukikosa barua
huketi ukajiandikia.
Hakuniahidi kitu. Hilo nililipenda.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Langu halijafa, ndiyo taabu yake,
lasikia hata ambayo hayakusemwa.

Sasa nalala na redio ya betri
katikati ya stesheni mbili, chini kabisa,
mchakacho wa mchele ukipepetwa.
Kazini navaa vizibo vya manjano.
Makokha alicheka wiki nzima,
wiki ya pili akaomba jozi.
Chai ya jioni nimeacha, sijui kama inasaidia.
Siku nyingine nalia tu, bafuni,
maji yakiwa wazi.

Leo betri zimekufa na stima haijarudi.
Kwamboka, mjukuu wangu, ameketi gizani
na filimbi yake ya shule.
"Nyanya, iko wapi? Hapa?"
Juu kidogo.
"Hapa?"
Juu, juu tena.
Anavuta pumzi, anapuliza, nyembamba, inatetemeka,
na mbwa wa Mama Achola anabweka.

Hapo, namwambia. Hapo hapo.
Usiache kwanza.