Tishu ya Chumba cha Nne

Kliniki imefungwa saa mbili,
na saa mbili nyingine sharti nikae nje ya chumba cha nne
na ndoo yangu, kama mtu aliyefika msibani
kabla ya kuambiwa kafa nani.

Hakuna aliyekufa. Mtoto ana surua,
au huenda anayo; majibu ni keshokutwa.
Mama yake alipiga simu toka maegeshoni,
injini ikinguruma, theluji ya Duluth imemeza nusu ya magurudumu,
akatusomea tangazo letu wenyewe la mlangoni,
polepole, kama anayeliuliza lina uhakika:
UNA HOMA NA VIPELE? USIINGIE. PIGA NAMBA HII.

Solveig wa mapokezi alilibandika Oktoba.
Tulimcheka.
Tulimcheka zaidi alipotufanyisha mazoezi na mwanasesere
mwenye madoa ya kalamu nyekundu usoni;
daktari wa zamu akasema, "Huyu anataka sabuni tu."

Leo Pakou alivaa barakoa ile inayochimba mashavu,
akazungukia mlango wa takataka,
akamfungulia mama gari kama mgeni wa heshima
na kumpitisha palepale ninapopitishia mifuko yangu.
Hapo nje alikuwepo mzee mmoja, goti limefungwa bandeji,
kajificha anavuta sigara.
Huyo hakuwamo kwenye mazoezi.
Solveig bado yuko kwenye simu, anamtafuta,
anamuuliza bintiye kama babu alichanjwa utotoni,
na binti anasema babu hakumbuki hata ya jana.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta:
ufa tumeuziba, kwa gundi ya utepe,
dirishani feni inavuta pumzi ya chumba
na kuitema kwenye baridi, upande usio na watu.
Chini ya mlango tumeacha uwazi wa kidole,
na kipande cha tishu kinaning'inia hapo.
Kikilalia ndani, hewa inaingia, haitoki.
Kikitulia wima, nimwite Pakou, mbio.

Basi nakitazama.
Miaka sitini na moja, Eino mwana wa mchimba chuma,
nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nalinda karatasi ya kufutia kamasi.
Adui mwenyewe sijawahi kumwona.
Nimemfuta miaka kumi na tisa kwenye vitasa,
kwenye mikono ya viti, kwenye kalamu ya kutia sahihi,
na kitambaa hutoka kama kilivyoingia.

Kinalalia ndani.
Bado kinalalia ndani.

Saa nne na dakika sita navaa glavu, naingia.
Kitanda, swichi, bomba, kitasa, tena kitasa.
Fomu ina safu ya kila kitu nilichogusa,
ila haina safu ya kiatu
nilichokiokota nje ya mlango wa takataka, kimejaa theluji.
Nimekiosha kwa klorini. Nimekiweka juu ya kipasha joto.
Pembeni, kwa mkono wangu mbaya, nimeandika:
kiatu kimoja, cha kushoto, kinakauka.