Mesa, Meza

Shekue kaja nyumbani, jasho lamtiririka,
Katoka Nyali kazini, wageni kuwapeleka;
Ati: "Yafaa nchini, Kihispania kuweka,
Kiwe shule na bungeni, hizi zetu zimechoka."

Nami hapo nikiuza, mahamri kwa mbaazi:
"Hebu kwanza, hino meza, waiitaje, azizi?"
"Mesa," kajibu. Naweza, kujizuia? Siwezi!
Kicheko kikanimeza, macho yakatoka chozi.

"Ndugu zao walikuja, na mizinga baharini,
Wakajenga, wakangoja, yao yawe midomoni;
Wakenda; na moja moja, maneno yamo nyumbani,
Leso hino yenye koja, naifunga kiunoni.

"Tena tazama bendera, nchini inapepea,
Jinale, na si hasara, kwa hao lilitokea;
Kwa Kimvita, kwa bakora, mwalimu kanionea,
Neno halingoji kura, lenyewe hutembelea."

Kanyamaza. Sahanini, sita kayala kwa pupa,
Kapapasa mfukoni, na hela zikamkwepa;
Nikapangusa mezani, makombo nikayatupa,
Nikauliza: "Na deni, kwao huitwaje? Lipa."