Kola ya Mlinzi wa Pili

Jina lake hatulitaji humu ndani.
Ukiteleza ukalitaja, wanakutoa nje,
uzunguke jengo mara tatu, uteme mate,
ubishe hodi uombe kurudi.
Mimi naiita "ile ya damu" tu,
na kila Februari ikirudi hapa Dundee
najua mikono yangu itachubuka.

Damu yetu ni sharubati nzito, rangi,
na tone la sabuni ili itoke upesi.
Maji baridi, siku zote maji baridi;
ya moto huifunga kwenye uzi kama kiapo.
Wasemao damu ni nzito kuliko maji
hawajawahi kufua.

Shati la mfalme. Gauni la mke, limelowa hadi viwiko.
Joho la mume ambaye kesho atavikwa taji.
Nasugua, na juu yangu, kupitia mbao za sakafu,
nawasikia watazamaji wakitafuta makoti yao na kuhukumu.
Ni mke, asema mmoja, ndiye aliyemtia ufunguo.
Ni wale vikongwe wa ukungu; wangenyamaza, naye angelala.
La, kwani kisu kilikuwa mkononi mwa nani?
Tamaa mbele, mauti nyuma:
hapo wote hukubaliana, wakafungua miavuli,
wakaenda kula samaki na viazi.

Hakuna aulizaye habari za walinzi.

Wawili. Hawana hata neno moja la kusema.
Wanaleweshwa, wanalala mlangoni,
wanapakwa damu usingizini,
wanawekewa visu kwenye mito yao,
na kabla hawajaamka sawasawa wamekwisha kuuawa
na yuleyule, kwa hasira, asema, ya kumpenda mfalme.
Asubuhi imepata wakosaji wake
kabla ya kifungua kinywa.
Mke hupewa onyesho zima la kusugua mikono, taa ikimfuata.
Walinzi hawapewi hata beseni.

Mlinzi wa pili mwaka huu ni Struan, mtoto wa dada yangu.
Mchana anapanga vifurushi ghalani,
usiku analala jukwaani kwa malipo ya nauli.
Analala vizuri mno. Juzi alikoroma,
ukumbi ukacheka, mwongozaji akamkaripia.
Mimi sikucheka.
Baba alikoroma hivyohivyo.

Fergus Geddes, mlinzi wa usiku wa kinu cha juti,
mwaka ule meneja alipokitaka kiti cha baraza la mji
na kinu chenye madeni kikawa na thamani zaidi
kikiwa majivu.
Ghorofa ya juu walikuwapo wasichana wawili wa zamu.
Sitasema zaidi juu yao; mama zao walikuwa majirani zetu.
Baba walimkuta kibandani, ubavuni chupa asiyoinunua,
mfukoni kiberiti.
Hakuvuta hata sigara.
Alilisema hilo mara moja, mbele ya hakimu,
kwa sauti ndogo, kama mtu aombaye chumvi mezani,
kisha miaka kumi na mmoja hakulisema tena.
Meneja alikipata kiti. Alipata na mtaa,
jina lake limeandikwa kwenye kibao cha bluu.
Nimeupita leo nikienda kununua sabuni.

Basi jana nikachukua mkasi mdogo.
Ndani ya kola palishonwa kitambaa: MLINZI 2.
Nikakifumua. Uzi mwekundu ulikuwa umeniishia,
nikatumia wa kijani, herufi zikapinda kidogo:
F. GEDDES.

Leo Struan amelivaa, amejikuna shingo,
amelivua tena akasoma.
Mama yake hakuwahi kumwambia.
"Mama mkubwa, huyu F ni nani?"
Kengele ya dakika tano ikalia.
Simama wima, nikamwambia, pini zikiwa mdomoni,
geuka nikuone mabega.