Alama Mbili za Patasi

Inaanza kwenye tisini.
Themanini na tano, kimya; pikapu inateleza
juu ya lami ya Chubut kama samli ya moto.
Tisini: kiti kinanitafuna mgongo,
kioo kinaitia ukungu dunia yote nyuma yangu,
na kondoo wawili niliowapakia wanalia kwa kigugumizi.

Nimebadilisha tairi. Nimesawazisha magurudumu
kule Trelew, nikalipa, nikarudi nikitetemeka vilevile.
Ceferino akasema krosi; nikatia krosi mpya.
Akasema beringi ya kati. Nikamwambia, na wewe je,
ukibadilishwa, itatulia?

Jumapili, upepo ulipochoka kidogo,
nikajilaza chini ya gari, tochi mdomoni,
grisi ikinidondokea kwenye nyusi.
Ndipo nikaziona: alama mbili za patasi,
moja kwenye propela, nyingine kwenye shingo ya difu,
mkono wa marehemu Idwal, aliyekitia alama kila kitu
kabla ya kukifungua, hata mitungi ya jamu.
Zilipaswa kutazamana.
Moja ilitazama mbingu, moja kokoto.
Mwanangu aliifunga kwa haraka, msimu wa kunyoa.

Bolti nne. Nusu mzunguko. Spana ya kumi na nne.

Sasa tisini, mia, mia na kumi:
chai haimwagiki kwenye kibuyu chake.
Kondoo wametulia.
Nimeshika usukani kwa vidole viwili,
na bado, karibu na daraja, kitu kinatetemeka.
Napunguza mwendo nisikilize.
Nazima injini.
Kinaendelea.