Kiti cha Bwana Kępa

Msimu wa kwanza ilinichukua saa nne kumfisha.
Gundi, pamba, rangi ya kijani kilichoungua,
mishipa nikiichora mmoja mmoja
kutoka kidevuni hadi nyuma ya sikio,
naye Bwana Kępa ametulia kitini
akila mkate kwa pembe ya mdomo, asiniharibie kazi.

Tulirekodi ndani ya kiwanda cha nguo kilichokufa, Łódź,
mji ambao jina lake ni mashua
na mito yake imefukiwa chini ya lami.
Hadithi yenyewe ilianzia hapo:
usiku wa mafuriko tajiri alifunga lango la tano
vitambaa visije vikaibwa,
wafumaji kumi na tisa wakazama, funguo zi mfukoni mwake.
Kumi na wanane walilala.
Bożydar hakulala.

Alirudi kwa njia ya mabomba, akachomoza masinkini,
akawavuta wajukuu wa tajiri, leo huyu, kesho yule,
na kila alipoua alizikunja nguo za marehemu
vizuri, kama mtu aliyelelewa kuheshimu kitambaa.
Kwa kule kukunja tu, nchi nzima ilimpenda.
Kituo cha tramu bibi mmoja alimpa mtungi wa matango ya chumvi:
"Hao walistahili, mwanangu. Ila yule mtoto mwache."
Akamwacha. Kipindi cha tisa.
Alimtoa majini, akamfuta nywele kwa shati lake,
shati lisilokauka karne nzima
(mimi ndiye niliyelimwagia maji kila robo saa, kwa chupa).

Kisha waandishi wakabadilishwa.
Mwenye njaa hupikiwa; mwenye sifa hupikwa.
Msimu wa tatu wakampa mchumba.
Msimu wa nne wakampa vichekesho:
anakaa jikoni kwa Ziemowit, kijana shujaa,
anapasha chai kwa kiganja,
anateleza kwenye maji yake mwenyewe.
Watu walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe,
halafu nikaosha brashi muda mrefu kuliko kawaida.

Kazi yangu ikaanza kupungua.
Saa nne zikawa mbili, mbili zikawa dakika arobaini.
Vifuko vya chini ya macho sikuvichora tena,
alikuja navyo kutoka nyumbani.
Mkono wa kushoto ukawa unatetemeka. Mwongozaji akasema,
safi sana, uache hivyo hivyo, ni mzimu unadhoofika.
Bwana Kępa akasema ndiyo, ni mzimu,
akauficha mkono chini ya taulo langu.

Kifo chake kilipangwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.
Lango la tano lingefunguka, maji yangempitia,
naye angeyeyuka huku akiomba radhi.
Kwa nani? aliuliza.
Kwa wajukuu, walimjibu.
Akausoma ukurasa mara mbili. "Na wale kumi na wanane?"
Wakatazamana. Hakuna aliyewakumbuka.

Safari hii kompyuta ingefanya yote,
pazia la kijani, vitone vyeupe shavuni, mimi sihitajiki.
Lakini saa kumi na moja alfajiri nilimkuta kitini,
theluji inamyeyukia mabegani, mkate mkononi.
"Halszka," akasema, "siwezi kufa na uso mtupu."

Nikachovya brashi. Nikamchorea mshipa mmoja tu,
nyuma ya sikio, kamera isipofika,
mwembamba,
kama uzi uliosahaulika kwenye mtambo.

Walirudia mara tano, na mara zote tano
maji yalinguruma kwenye spika
naye hakuomba radhi.
Kamesahau maneno, kazee haka, walisema pembeni.
Baadaye wangemtilia sauti ya mtu mwingine.

Jioni nikakuta shati kwenye kiti,
limekunjwa pembe kwa pembe.
Nikaligusa. Kavu.
Nikainyoosha mkono kuitwaa chupa, kwa mazoea,
nikairudisha ilipokuwa.