Kuyazoa Maji

Siku ya arobaini na moja mvua imekatika
bila kuaga, kama mgeni aliyemaliza sukari.
Saa kumi na mbili asubuhi, magharibi ya Welisi,
nimesimama ukingoni mwa shimo la saba,
buti hadi magotini, na sithubutu kuingia.
Uwanja mzima unapumua kwa mdomo.
Ukiukanyaga, unakujibu.

Wazazi waliniita Heulwen,
kwa lugha yetu, mwanga wa jua.
Wanachama hawachoki na utani huo:
"Heulwen, mwaka huu umejificha wapi?"
Nacheka. Ni sehemu ya mshahara.

Bwana Prosser, katibu, ameandika mara tatu:
Jumamosi kuna kombe, tutafungua?
Anaona kijani dirishani, anadhani ni uzima.
Ningemkatia kipande kwa kisu, nimwekee mezani:
juu nyasi, sawa,
chini yake kidole kizima cha makapi yaliyolowa,
kisha utepe mweusi unaonuka yai viza.
Mizizi imefika hapo ikarudi,
kama watu waliokuta mlango umefungwa.
Maji hayakuinyima chakula.
Yameinyima pumzi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutofanya kazi.
Kutoleta trekta. Kutowasha mashine ya kukatia,
hata majani yakirefuka hadi aibu,
maana gurudumu moja leo ni kovu hadi Agosti.
Na kumfundisha Macsen, miaka kumi na saba,
mwenye nguvu asizojua pa kuziweka,
kusimama.
Mimi somo hilo lilinichukua majira sita.

Kisha ubao wa mpira wenye mpini mrefu.
Tunasukuma dimbwi, taratibu, kutoka kitovuni hadi kingo.
Ati maji yakimwagika hayazoleki:
mimi nalipwa kwa saa kuyazoa.

Kisha uma wa mkono, meno manne.
Choma, tikisa kidogo, ng'oa, rudi nyuma nusu hatua.
Macsen alihesabu matundu hadi mia tisa,
akapotea, akaanza upya kwa ubishi.
Kila tundu hutoa kiputo kimoja,
kidogo, kama mtoto anayecheulia begani.
Halafu mchanga mkavu tuliouficha bandani tangu Septemba,
kiganja kwa kiganja,
ndivyo unavyotia chumvi kwenye uji wa mgonjwa.
Madoa ya kuvu, upana wa sarafu, nayawekea vijiti.
Vichuguu vya nyungunyungu siviguse hadi vikauke;
ukivifagia vibichi unapaka tope usoni mwa bibi harusi.

Ila shimo la tisa lilikataa.
Tulizoa, likajaa. Tulizoa, likajaa.
Ndipo nikaikumbuka ramani ya marehemu Idwal,
aliyeshika uma huu kabla yangu:
penseli nyuma ya risiti ya mbegu, msumari mmoja ukutani,
*hatua kumi na tisa toka jiwe jeupe, kuelekea mnara wa kanisa.*
Nilichimba. Udongo mtupu.
Nikachimba tena. Udongo.
Nikakaa juu ya jiwe nikala mkate wangu,
na mdomo ukiwa umejaa nikakumbuka
Idwal alikuwa mfupi.

Nikarudi jiweni, nikatembea hatua zake,
fupi, za haraka kidogo, mabega yakiinama.
Kumi na tisa.
Bomba la udongo wa kuchoma, na kooni mwake
mzizi wa mti wa kijitoni, laini kama nywele,
mrefu kunizidi mkono.
Nilivuta. Macsen akanivuta mimi.

Kwanza kimya.
Kisha chini kabisa kitu kikakohoa,
na maji yakaanza kwenda.

Bwana Prosser alitukuta tumelala kifudifudi,
masikio ardhini, tope hadi kope.
Viatu vyake safi vilizama bila haraka.
"Jumamosi?" akauliza.
"Ya mwezi gani?"
Hakujibu. Alichuchumaa, akashika magoti,
akainamisha sikio.

Kesho kuna manyunyu, wanasema.
Nimemwambia Macsen alete uma wa tatu.