Imla ya Saa Nane

Saa moja asubuhi nabeba watoto wa watu
kwa basi la njano, matairi yamevaa minyororo.
Saa nane mchana nami ni mtoto wa shule:
nimeketi nyuma, karibu na hita,
miaka hamsini na mmoja, daftari jipya, penseli nne.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Mimi nilikauka zamani.
Nimekuja kujikunja hivyo hivyo.

Mwalimu Adjoua, mzaliwa wa Bouaké,
ameivuka bahari na theluji kuja kutufunza *u*:
"Midomo ipige mbinja, ulimi useme *i*."
Darasa zima tunapiga mbinja isiyo na wimbo.
Brayden wa mstari wa mbele aliipata siku ya kwanza.
Mimi niliipata Jumanne, kwenye taa nyekundu,
watoto arobaini wakinicheka ndani ya kioo.

Meza ni jike. Kiti ni jike.
Ila kiti cha dereva ni dume,
nami nimekikalia miaka kumi na tisa
bila kuambiwa.

Leo imla.
Kijani, *ver*. Glasi, *ver*. Mnyoo, *ver*.
Kuelekea nako, *ver*.
Sikio halina macho; mkono ukaandika
"Msonobari ni mnyoo,"
na Adjoua akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Sikumwambia kwamba mnyoo huo ni wa kwetu.
Mimi ni Darlene Greenwood.
Tulikuwa Boisvert hadi mwaka wa hamsini na nane,
baba aliposimama kwenye dirisha la karani wa mgodi,
umri kumi na tisa, kofia mkononi.
"Maana yake nini hilo?"
Mti mbichi, bwana.
Karani akaandika mti mbichi kwa Kiingereza,
hakuinua kichwa, akaita wa nyuma yake.
Réal akashuka kuchimba nikeli
akiwa Ray.

Kifaransa kikabaki jikoni kwa bibi Exilda,
cha kufokea paka,
cha kuhesabu mayai, cha kuzungumza na Bikira Maria
juu ya bei ya siagi.
Alipokufa tuligawana sufuria.
Hakuna aliyeuliza maneno yaende kwa nani.

Wiki iliyopita niliandika insha,
mistari kumi kuhusu majira ya baridi.
"Asubuhi ni *frette*," niliandika,
neno pekee ambalo sikulitafuta kwenye kamusi,
neno pekee lililokuja lenyewe, na viatu vyake miguuni.
Likarudi limezungushiwa duara jekundu:
*froid*. Na pembeni, kwa mwandiko mzuri:
si sanifu.

Nikampelekea baba daftari
kule wanakotunzwa wazee, chumba cha mwisho,
dirisha linalotazama miamba iliyounguzwa na moshi wa madini
na miti iliyopandwa baadaye, kwa kutubu.
Miaka sitini na mitano hajatamka Kifaransa.
Tukimsemesha, hujibu kwa Kiingereza,
na Kiingereza chake ni kifupi kama risiti.

Alilishika daftari mbali na macho.
Akapitisha kidole kwenye duara, akazunguka nalo,
akazunguka tena.
Nilidhani amelala.

"*Froid*," akasema, "ni ndani ya friji."
Akaonyesha dirisha kwa kidevu.
"Ile pale ni *frette*."

Alisema kwa Kifaransa. Chote.
Na *r* yake haikukaa kooni kama ya Adjoua;
ilitetemeka kwenye ncha ya ulimi,
kama gari bovu linalowaka alfajiri.

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na sarufi ya miezi minne,
vitenzi vya kwenda na kurudi, salamu za hotelini.
Midomo ikapiga mbinja, haikutoka hata *u*.

Upepo ulikuwa ukiingia kutoka ukumbini.
"*Barre la porte*," akasema baba,
amekwisha kufumba macho.

Kitenzi hicho hatujafundishwa.
Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo.